Mlango Ukifungwa, Baba na Mwana Hubaki na Nani?

Mwaka 1801, katika mnara wa taa wa Smalls, uliosimamishwa kwa nguzo za mbao juu ya mwamba wa baharini magharibi ya Wales, waliishi walinzi wawili. Mmoja aliitwa Thomas Howell, mwingine Thomas Griffith. Watu wa nchi kavu waliwajua kwa ugomvi wao usiokwisha. Griffith akafia humo mnarani. Howell angeweza kuutosa mwili baharini, kama mabaharia wafanyavyo, lakini aliogopa: nani angeamini kwamba hakumuua? Akaunga jeneza kwa mbao alizozipata, akalifunga nje ya mnara, akaendelea kuwasha taa kila usiku. Dhoruba ikalivunja jeneza, na mkono wa marehemu ukawa unapepea kwa upepo kana kwamba unamwita. Meli zilipita, zikaona taa inawaka, zikadhani mambo ni shwari. Chombo cha kumchukua kilipofika hatimaye, Howell alikuwa amebadilika hata rafiki zake hawakumtambua.

Baada ya mkasa huo, utaratibu wa minara ya taa nchini Uingereza ulibadilishwa. Kazi haikuachiwa tena watu wawili. Wakawekwa watatu.

Sijaona maelezo mafupi kuliko uamuzi huo juu ya jambo ambalo filamu za kutisha zimekuwa zikilihangaikia kwa miaka mingi. Wachukue baba na mwana, au mzee na kijana aliye mfano wa mwana. Wafungie mahali mbali na watu, theluji au bahari iwazibe njia. Kwa nini huishia kushikiana shoka? Wachambuzi wengi hukimbilia kwa Sigmund Freud na kusema mwana amemwonea baba wivu. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili imo katika hesabu ile ya minara: wawili ni wachache, na wa tatu ndiye anayezuia damu.

Mtoto wa miguu iliyovimba

Oktoba 1896, Jakob Freud, mfanyabiashara wa sufu, alifariki mjini Vienna. Mwanawe Sigmund alikuwa daktari wa maradhi ya neva mwenye umri wa miaka 40, na kifo hicho kilimtikisa kuliko alivyotarajia. Utotoni alikuwa amesimuliwa na babake kisa kimoja ambacho hakukisahau maisha yake yote. Siku moja mtu mmoja alimpiga Jakob kofia yake ya manyoya ikaangukia matopeni, akamwamuru ashuke njiani kwa sababu ni Myahudi. Mtoto akauliza: ukafanya nini? Jakob akajibu kwa utulivu kwamba aliinama akaokota kofia yake. Mtoto yule alimpenda babake, na dakika ile ile akamwona mdogo.

Mwaka mmoja baada ya mazishi, tarehe 15 Oktoba 1897, Freud alimwandikia rafiki yake Wilhelm Fliess wa Berlin. Alikiri kwamba katika kujichunguza amegundua kuwa alipokuwa mdogo alimpenda mama na kumwonea baba wivu, na kwamba huenda kila mtoto hupitia hali hiyo. Ndiyo maana, alisema, hadithi ya kale ya Mfalme Oedipus, aliyemuua babake na kumwoa mamake bila kujua, bado ina nguvu juu ya mtazamaji. Kutokana na barua hiyo ilizaliwa nadharia iliyosambaa duniani kote: mama, baba na mtoto ni pembetatu, na mtoto wa kiume hukua kwa kushindana na baba, kumwogopa, na mwishowe kukubali kufanana naye.

Lakini Wagiriki waliposimulia habari hiyo walianza na baba. Mfalme Laius aliambiwa na kuhani kwamba mwanawe atamuua. Mtoto alipozaliwa, akatobolewa vifundo vya miguu, akakabidhiwa mchungaji akatupwe mlimani afe. Jina Oedipus lenyewe maana yake ni mwenye miguu iliyovimba. Miaka ikapita, wakakutana njiani bila kujuana, na katika tamthilia ya Sophocles mzee ndiye anayempiga kijana kichwani kwanza. Mwana anaua, ndiyo, lakini anamuua mtu aliyejaribu kumuua mara mbili.

Freud hakumtazama sana Laius. Aliyemtazama ni Georges Devereux, mwanaanthropolojia na mchambuzi wa nafsi aliyezaliwa Hungaria, ambaye mwaka 1953 alichapisha makala akiuliza kwa nini Oedipus alimuua Laius. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa na nzito kuibeba: kabla ya wivu wa mwana kuna hofu ya baba. Mtoto akizaliwa, baba huona ndani yake mtu atakayebaki yeye akiondoka. Wengi hulipokea hilo kwa furaha. Wapo wasioweza.

Hoteli na wakala wake

Filamu iliyomwonyesha Laius waziwazi kuliko zote ni *The Shining*, iliyoongozwa na Stanley Kubrick na kutolewa mwaka 1980. Mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hiyo, Stephen King, alikuwa na sababu zake za kuandika juu ya akina baba. Alipokuwa na miaka miwili, babake aliaga kwamba anakwenda kununua sigara, asirudi tena. King alipokuja kuwa baba, akawa mlevi, na baadaye alikiri kwamba alipoiandika riwaya hiyo, iliyotoka mwaka 1977, hakutambua kuwa anajiandika mwenyewe.

Jack Torrance, anayeigizwa na Jack Nicholson, ni mwalimu wa zamani anayetaka kuwa mwandishi. Anaajiriwa kuitunza hoteli ya Overlook, katika milima ya Colorado, wakati wa baridi ambapo wageni wote wameondoka na barabara imefungwa kwa theluji. Anakwenda na mkewe Wendy na mwanawe mdogo Danny. Kabla ya kukubali kazi anaambiwa kwamba mtunzaji mmoja aliyemtangulia, Grady, aliwaua mkewe na mabinti zake wawili kwa shoka, kisha akajiua. Jack anatabasamu na kusema mambo hayo hayatamfika.

Lakini yameshaanza kumfika. Wendy anamsimulia daktari, kwa sauti ya mke aliyezoea kufunika mambo, kwamba siku moja Jack alirudi amelewa, akamkuta Danny ametawanya karatasi zake za shule. Akamvuta mkono, bega likateguka. Tazama kosa la mtoto lilikuwa nini: aliigusa kazi ya baba. Kwa mtu kama Jack, anayeamini kwamba bila familia angekuwa mwandishi mkubwa, mtoto ni mwizi. Anaiba muda, anaiba usingizi, anaiba mapenzi ya mama.

Kubrick na Diane Johnson, mwandishi mwenzake wa mswada, walimsoma Freud walipokuwa wakiuandaa, hasa insha yake ya 1919 juu ya hofu inayotoka katika kitu tulichokizoea. Humo Freud anaeleza kwamba kinachotutisha zaidi ni kile kilichokuwa cha nyumbani kabisa, kikafichwa, kisha kikarudi na sura nyingine. Sifahamu tukio linalolionyesha hilo vizuri kuliko lile la chumbani. Danny ananyata kuingia kuchukua gari lake la zimamoto. Anamkuta babake ameketi ukingoni mwa kitanda, macho hayana usingizi. Baba anamwita, anampakata. Hakuna mzimu wala damu hapo, ni mzazi na mtoto mapajani. Mtoto anauliza kama baba anaweza kuwaumiza yeye na mama. Baba, kabla ya kumtuliza, anataka kujua kama ni mama ndiye aliyemwambia hivyo. Katika swali hilo moja pembetatu yote ya Freud inajitokeza, na anayeugua wivu ni mtu mzima.

Kisha kuna mzingile. Nje ya hoteli pana ua wa miti uliokatwa kuwa njia za kupotezana, na ndani ya hoteli pana mfano wake mdogo juu ya meza. Wendy na Danny wanakwenda kucheza nje. Jack anasimama juu ya mfano ule, anainama, anatazama, nasi tunawaona mkewe na mwanawe wadogo kama sisimizi wakitembea chini ya macho yake. Baba amejiona Mungu. Ila walioingia na kujifunza njia kwa miguu ni mama na mtoto, na mwishoni mwa filamu elimu hiyo ndiyo itakayohesabika.

Katika choo chenye kuta nyekundu, Grady anamtokea Jack amevaa kama mhudumu wa karamu, anaongea kwa adabu. Anamweleza jinsi alivyowarudi mabinti zake walipokuwa watundu, na mkewe alipomzuia akamrudi naye. Kisha anampasha habari iliyomchoma kuliko zote: mwanao anajaribu kumwingiza mtu wa nje katika jambo hili. Mtu huyo ni Dick Hallorann, mpishi Mweusi wa hoteli aliyekwenda Florida kwa likizo ya baridi. Grady anamtaja kwa tusi la rangi, kwa kuwa kila nyumba inayotaka kumla mtoto huanza kwa kumdharau atakayekuja kumtetea.

Nadhani hicho ndicho kitovu cha filamu nzima. Nyumba hii inaweza kuvumilia kelele, ulevi na machozi. Isichoweza kuvumilia ni mtu wa tatu. Ndiyo maana Jack anaiharibu redio ya mawasiliano. Ndiyo maana anaharibu chombo cha kusafiria kwenye theluji. Kila anachokivunja ni mlango ambao mtu angeweza kuingilia.

Mafahali wawili

Mwaka 2019 mwongozaji Robert Eggers, akiandika pamoja na ndugu yake Max, aliurudia mkasa wa Smalls kwa njia yake katika filamu *The Lighthouse*. Aliuhamishia katika kisiwa cha New England, Marekani, miaka ya 1890, akaupiga kwa rangi nyeusi na nyeupe katika fremu iliyo karibu mraba, hata mtazamaji anahisi kuta zimembana mabega. Upigaji ulifanyika Cape Forchu, Nova Scotia, nchini Kanada, ambako mnara wa takriban mita 21 ulijengwa kwa ajili ya filamu hiyo.

Willem Dafoe ni Thomas Wake, mlinzi mkongwe. Robert Pattinson ni kijana aliyekuja kumsaidia kwa wiki nne. Wote wawili, kama walinzi wa Smalls, wanaitwa Thomas, ila kijana amejificha nyuma ya jina la marehemu: Ephraim Winslow, msimamizi wake wa zamani katika kazi ya magogo, aliyemwacha afe maji. Kijana huyu alikuwa amekwisha kumshuhudia baba mmoja akifa kabla hajakanyaga kisiwani. Alilichukua jina lake, na hatia akaja nayo.

Kanuni ya mnara ni moja. Makaa, kisima, choo, kupaka kuta chokaa, yote ni ya kijana. Taa ni ya mzee. Ufunguo anao yeye, usiku hupanda peke yake, hufunga mlango. Anasema ameiona taa kama mke, tena mke bora kuliko wa damu na nyama. Basi mama, aliyekosekana kisiwani, amepatikana: ni mwanga ulioko juu ya ngazi, baba amelala naye, mwana anasikiliza kutoka chini. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hapa zizi lina taa moja tu.

Wake anampiga marufuku kijana kuwaua ndege wa baharini, kwani anaamini wamebeba roho za mabaharia. Kijana anamuua mmoja. Upepo unageuka, dhoruba inatanda, chombo cha kuwachukua hakiji. Wanakunywa. Pombe ikiisha wanakunywa tapentaini iliyochanganywa na asali. Usiku mmoja wanacheza dansi na kukumbatiana kama watu wasio na mwingine duniani, punde wanapigana. Katika tukio moja lisilosahaulika, kijana anasema hapendi mapishi ya mzee. Wake, ambaye ametukana na kutukanwa bila kujali, anaumia kama mzazi aliyekataliwa, anasimama na kumwaga laana ndefu ya bahari juu ya kichwa cha kijana. Kumbe alichokitaka muda wote ni kuambiwa chakula chake ni kitamu.

Nasikitika kila nikiifikia sehemu hiyo, kwa sababu ni mahali ambapo mtu wa tatu angeweza kusema neno moja la kuwapoza wote wawili. Lakini hayupo. Kijana anakisoma kitabu cha kumbukumbu za kazi na kugundua kwamba mzee amependekeza afukuzwe bila malipo. Sasa deni la mshahara limeungana na deni la mapenzi. Anampiga, anamfunga kamba kama mbwa, anamfukia. Mzee anarudi na shoka, na shoka hilo hilo linammaliza.

Mwana ameshinda. Anachukua ufunguo, anapanda, anaifungua taa. Hatuonyeshwi alichokiona. Tunasikia ukelele, tunamwona akiporomoka ngazi zote, na picha ya mwisho ni yake kwenye miamba, ndege wakimdonoa matumbo akiwa hai, kama Prometheus aliyeadhibiwa kwa kuiba moto wa miungu. Freud aliandika mwaka 1913, katika kitabu chake *Totem na Mwiko*, kwamba wana wakimuua baba aliyejiwekea kila kitu, marehemu huwa na nguvu kuliko alivyokuwa hai. Wanaanthropolojia hawaikubali habari hiyo kama historia. Kama maelezo ya kijana yule juu ya miamba, sijui yaliyo sahihi zaidi.

Sindano ya shaba na utani wa bibi

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda Ugiriki ili akutane na mwana aliyemuua baba. Pwani ya kaskazini ya Kenya inasimulia habari za Fumo Liyongo, shujaa na mshairi ambaye silaha haikumdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo mwanawe aliipata kwa babake mwenyewe, na akamchoma usingizini. Liyongo aliamka, akachukua upinde, akaenda kisimani, akapiga goti mshale ukiwa tayari, akafa hivyo hivyo. Watu walikaa bila kuteka maji wakidhani yu hai, mpaka mamake alipokwenda kumbembeleza.

Ila wazee wetu hawakusema mwana alitaka tu nafasi ya baba. Walisema alitumwa. Mtawala wa Pate alimwahidi cheo na binti, kisha baada ya damu kumwagika mwana hakuifaidi ahadi hiyo. Hoteli ya Overlook ilifanya biashara ile ile na Jack Torrance. Ilimnong'oneza kwamba akimtoa mwanawe atapata heshima aliyoikosa, na ikamwacha agande. Kati ya baba na mwana wivu mdogo upo tangu zamani. Kuuana kwahitaji mchochezi, na mchochezi hupenda mlango uliofungwa.

Jamii zetu nyingi ziliujua wivu huo pasipo kumsoma Freud, zikaupa mahali pa kupumulia. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" mbele ya watu. Babu hujifanya amekasirika, humtishia kijana bakora, humwambia atafute mke wake. Watu hucheka, na katika kicheko hicho jambo zito linasemwa bila mtu kuumia. Baba akizidisha ukali, mjomba anabisha hodi. Shangazi anamchukua mtoto akakae kwake mpaka hasira zipoe. Jirani akisikia kilio anauliza kulikoni. Hawa wote ni walinzi wa tatu wa mnara.

Leo nyumba nyingi za mijini zina geti refu, na kilio kikisikika nyuma yake watu hupita wakisema ni mambo ya familia. Bibi yuko mbali, mjomba ni sauti ya simu ya sikukuu. Baba aliyepoteza kazi anabaki ndani na aibu yake na mwana anayemtazama, kama Freud mdogo alivyoitazama ile kofia ya matopeni. Hatuhitaji theluji ya Colorado. Ukimya wa mtaa unatosha kuifunga barabara.

Aliyekuja na gari la theluji

Hallorann alikuwa amemweleza Danny, siku ya kwanza hotelini, kwamba yeye na bibi yake waliweza kuzungumza bila kufungua vinywa. Bibi ndiye aliyeipa jina karama hiyo ya kusikia asiyesema. Basi usiku mmoja, akiwa kitandani Florida, anamsikia mtoto. Anapiga simu hotelini, hazipiti. Anapanda ndege hadi Denver, anakodi gari, anaazima chombo cha kupasua theluji, anapanda mlima gizani. Anafungua mlango wa Overlook, anaita kama kuna mtu. Jack anajitokeza nyuma ya nguzo na kumpiga shoka la kifua.

Watazamaji wengi huona hapo ukatili wa Kubrick: mtu amesafiri nchi nzima kuja kufa. Nami niliona hivyo mara ya kwanza. Sasa naona kingine. Danny anakimbilia katika mzingile, baba nyuma yake akifuata nyayo kwenye theluji. Kwetu kufuata nyayo za baba ni sifa. Mtoto huyu anaokoka kwa kuzikatisha zake: anarudi kinyumenyume akikanyaga alama zake mwenyewe, anaruka pembeni, anafukia dalili, anajificha. Baba anafika mahali nyayo zinapoishia na hajui pa kwenda. Anaganda huko. Mtoto anatoka kwa mama anayemngoja.

Lakini wangekwenda wapi? Chombo cha hoteli Jack alikuwa amekwisha kukiharibu. Mlangoni kipo kingine, alichokuja nacho yule mpishi. Wanapanda, wanashuka mlima. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, hakupona yeye. Mtoto akapona kwa sababu kuna mtu mmoja, wa mbali, asiye wa damu yake, aliyesikia na hakujiambia kwamba hayamhusu.